Shajara ya mradi: parachichi za Rungwe na watu wa LinkedIn

Oktoba, mwanzo

Naandika hapa ili wenzangu wa kikundi wakiuliza tumefikia wapi nisirudie kila kitu kwenye simu. Mradi ni huu: sisi wakulima wa parachichi upande wa Kiwira na Tukuyu, miti ya aina ya Hass, wengi tuna heka moja au mbili, miaka yote tunauza kwa madalali wanaokuja na fuso, bei anapanga yeye, kuchagua anachagua yeye, makapi anakuachia shambani unawapa nguruwe. Safari hii tumekubaliana mtu mmoja, yani mimi, akae LinkedIn atafute watu wa biashara yenyewe, waagizaji, watu wa makontena, watu wa ubora, na kikundi kinachangia bando.

Mwenyekiti wetu aliuliza kwenye kikao, "mwanangu, hiyo si Facebook tu?" Nikamwambia mama, Facebook watu wanaweka harusi na misiba, huku mtu anaweka kazi anayofanya na kampuni anayofanyia, kwahiyo ukimtaka anayenunua matunda Rotterdam unamtafuta kwa cheo chake na mji wake, hata jina huhitaji kulijua. Mtandao upo toka 2003, Microsoft wakaununua 2016, sio kitu cha juzi. Akasema haya, ndaga (asante kwa Kinyakyusa), ila bando lisiishie kwenye vichekesho.

Oktoba, mwishoni

Profaili imekaa sawa. Kabla ya kuandika nilipitia profaili za vijana wengi wa Mbeya mjini na Iringa kuona wanajiuzaje, jamani kila mtu ni CEO, kila mtu ni mhamasishaji, ukisoma mpaka chini hujui anauza mbao au anauza maneno. Mnunuzi hana muda huo. Ule mstari wa chini ya jina unakupa herufi 220 na ndio unaomfuata mtu kila mahali, ukikomenti unaonekana, ukiomba urafiki unaonekana, basi pale nimeweka bidhaa, mahali na saizi: parachichi Hass, Rungwe Tanzania, saizi 14 mpaka 22. Kwa wasiojua, hiyo namba ni idadi ya matunda yanayoingia kwenye katoni ya kilo 4, ndio mana 12 ni madude makubwa na 24 ni madogo. Dalali wetu anasema "kubwa" na "ndogo" basi, lakini mtu wa Ulaya akiona "saizi 18" anajua anaongea na mtu aliyewahi kugusa katoni.

Kwenye maelezo marefu (herufi 2,600, sikuzimaliza, nani anasoma zote) nimeandika tunacho nini na hatuna nini. Cheti cha GlobalG.A.P., kile cha kimataifa cha kilimo bora, bado, tupo kwenye ukaguzi wa ndani, nimeandika ivyo ivyo. Kuna mjumbe alitaka tuseme tunacho mana "karibu tunapata". Hapana. Mwenye cheti anapewa namba ya tarakimu 13, mnunuzi anaiingiza kwenye mfumo wao sekunde hiyo hiyo anajua ipo au haipo. Unaanzaje biashara kwa uongo unaopimika kwa kidole kimoja.

Picha nimevaa koti la mvua nimeshika kreti. Tukuyu mvua haiulizi.

Novemba

Nimeanza kuomba koneksheni. Hapa kuna mambo ya kiufundi ambayo kijana mwingine wa kikundi akija kuendeleza ayajue. LinkedIn inawagawa watu kwa mbali na karibu, wa kwanza ni uliyeunganishwa naye, wa pili ni rafiki wa rafiki, wa tatu ni mbali zaidi. Ukitafuta "avocado" na kuchagua Uholanzi inakuletea lundo, wengi ni wa tatu, na hao ukiwaomba mara nyingi hawajibu. Akaunti ya bure ina kikomo cha kuomba kwa wiki, kinoti cha kuambatanisha na ombi ni kifupi na unapewa vichache kwa mwezi, afu ukitafuta sana mfumo unakugomea mpaka mwezi mwingine uanze. Kwahiyo vinoti nimevibana kama chumvi, simpi mtu kinoti kama sijasoma anachoandika.

Wakurugenzi wa manunuzi wa makampuni makubwa: kimya. Sio kwamba wana dharau, jiweke kwenye kiti chake, kila siku anaamka anakuta watu wa Peru, Kenya, Afrika Kusini, Colombia, wote wana "best quality Hass". Na sisi tukimwandikia tunaandika hivyo hivyo. Nikaacha kuwaomba.

Nilichobadilisha ni kwenda kwa watu wa chini yao na wa pembeni yao: anayekagua matunda ghalani, anayefuatilia makontena, karani wa kampuni ya uwakala wa forodha pale Dar, mtafiti wa matunda, fundi wa vyumba vya baridi. Hawa wanajibu! Tena wanajibu kwa furaha mana hamna anayewaulizaga kitu.

Novemba, katikati: video ya maikrowevu

Hii naieleza kwa urefu mana ndio iliyofungua njia.

Wakulima wetu wengi wanavuna kwa macho, tunda limenenepa, dalali amekuja na hela, twende. Nje huko wanapima draimata, yani katika nyama ya tunda, maji yakitoka, kinabaki kiasi gani. Hass ikivunwa changa haiivi vizuri, inasinyaa, inakuwa kama mpira. Kiwango cha kimataifa cha Hass ni asilimia 21 kwenda juu, na wanunuzi wengi wa Ulaya wanataka izidi hapo kidogo.

Basi nilitafuta ile mizani midogo ya kupimia dhahabu, watu wa Chunya wanaitumia, inasoma mpaka pointi za gramu. Maikrowevu nikaazima kwa dada mwenye mgahawa pale Uyole. Unakata tunda, unatoa kokwa na ganda, unakwangua nyama na kile kimenyeo cha karoti iwe vipande vyembamba vyembamba, unapima gramu 10 kwenye kisahani. Unaweka maikrowevu moto mdogo. Ukiweka mkubwa inaungua, inanuka mahindi ya kuchoma yaliyosahaulika, na namba inakudanganya. Unatoa unapima, unarudisha, unatoa unapima, mpaka uzito ugome kushuka. Siku ile zikabaki gramu 1.9. Maana yake asilimia 19. Nikaweka kamera karibu na kisoma namba, nikasema kwa Kiswahili, afu maandishi ya Kiingereza chini: bado, hatuvuni.

Nikapandisha nikaenda zangu Mwanjelwa kununua viazi. Kurudi nakuta komenti.

Za kwanza zilikuwa za Watanzania, na hapa nasisitiza, zile posti nilizokuwa naandika Kiingereza kitupu zilikuwa zinapita kimya, hii ya Kiswahili wakaja watu wa Dar, wa Arusha, wa Njombe, mmoja anafanya kazi kwenye kampuni ya kupakia makontena ya friji bandarini, mwingine ni bwana shamba Njombe. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe kama moto mdogo ni bora kuliko oveni. Ndio walioisukuma posti mbele. Afu akaja dada mmoja Mkenya, anakagua matunda kwenye ghala huko Rotterdam, kwangu alikuwa wa daraja la pili kupitia mtafiti mmoja wa Uyole. Akauliza kwa Kiswahili chao, "Sasa hapo mmepima tunda moja ama ni mengi? Na mmetoa upande gani wa mti?"

Swali zuri sana. Tunda moja halisemi kitu, lazma uchukue kadhaa kutoka miti tofauti, lililokaa juani na la kivulini, upige wastani. Nikamjibu tulichofanya na kwamba wiki inayofuata tunarudia kwa sampuli pana. Tukarudia, nikamtagi na namba zote, nzuri na mbaya. Toka hapo tukawa tunaongea.

Desemba

Umeme wa shida, mtandao upande wa mashambani mvua ikinyesha ni wa kubahatisha, nikawa napandisha posti nikiwa nimeshuka Uyole. Kazi ya mwezi huu kubwa ilikuwa kumkataa mtu.

Ameniandikia mtu anajiita meneja manunuzi wa kampuni ya Uingereza, anataka makontena kumi kila wiki, bei nzuri kuliko soko, hajauliza saizi, hajauliza draimata, hajauliza cheti. Kontena la friji la futi 40 linabeba kama pallet 20 (vile vichanja vya kupangia katoni), tani ishirini na kitu, sasa kumi kwa wiki hata tukivuna wilaya nzima... Skrinshoti ilivuja kwenye grupu la WhatsApp la kikundi watu wakaanza kuhesabu hela. Mzee mmoja, baba yangu mdogo kabisa kwa ukoo, alinipigia saa 12 asubuhi, "mwanangu unachelewesha nini?"

Nikamwomba anipe muda nikague. Kwenye LinkedIn ukifungua profaili ya mtu kuna sehemu inaonyesha alijiunga lini, huyu alikuwa mpya kabisa, na cheo cha miaka mingi. Uingereza wana rejista ya makampuni, Companies House, unaangalia bure, jina la kampuni lipo kweli na wakurugenzi wake wanaonekana, ila huyu hayumo, na barua pepe yake ilitofautiana na tovuti ya kampuni kwa herufi moja tu, ukisoma haraka huioni. Nikamwomba tuongee kwa video na anipe namba yao ya EORI, ile ya forodha inayotumiwa na waagizaji, nayo unaihakiki mtandaoni. Jibu lake likawa fomu ya "usajili wa msambazaji" yenye ada ya kulipia. Nikaripoti profaili, nikamblok.

Baba mdogo nilimwonyesha ile herufi moja kwenye simu, akavaa miwani, akaangalia, akasema "hawa watu wana muda." Tukaishia hapo.

Wenzangu, kwa Uholanzi nako ni hivyo hivyo, kila biashara ina namba ya usajili, KVK, ya tarakimu 8, muombe, itafute. Mfanyabiashara wa kweli haudhiki ukimkagua, yeye mwenyewe kashakukagua.

Januari

Draimata imefika 23 kwenye mashamba ya chini, ya juu bado. Nimepandisha grafu ya toka Novemba.

Nimekaa na daftari nikapanga kila taarifa ya maana tuliyopata imetoka kwa nani. Matokeo yamenifikirisha. Ndugu na marafiki wa karibu hawajatuletea hata kitu kimoja kipya, mana wote tunajua yale yale, madalali wale wale, bei zile zile za pale Ushirika. Wakubwa wa mbali pia hamna. Taarifa zimetoka kwa watu wa katikati, ambao tunajuana nusu nusu. Rafiki yangu anayefundisha chuo akacheka akasema hiyo ilishaandikwa zamani, kuna Mmarekani anaitwa Mark Granovetter mwaka 1973 alitoa makala juu ya nguvu ya mahusiano mepesi, alichunguza watu walipataje kazi akakuta wengi waliambiwa na mtu wanayeonana naye mara moja moja, sio wa kila siku. Na 2022 jarida la Science likatoa utafiti uliotumia watumiaji milioni 20 wa LinkedIn yenyewe, ukaonyesha mahusiano mepesi yanasaidia kuhama kazi kuliko yale ya karibu sana, ila yakiwa mepesi kupitiliza faida inapungua. Yani mtu ambaye wewe na yeye mna marafiki wachache tu wa pamoja, huyo ndio mchongo.

Ni utafiti wa ajira sio wa parachichi, najua, lakini kwetu umekaa pale pale. Nimebadilisha utaratibu: daraja la tatu siombi tena kabisa, daraja la pili nafuatilia kupitia aliye katikati. Na simwombi wa katikati "naomba niunganishe", hiyo inambebesha mtu mzigo, namwandikia ujumbe mfupi ulio tayari kupelekwa mbele, sisi ni nani, tuna nini, lini, tunauliza nini, yeye anakopi anabandika. Watu sio wabaya, wamechoka tu kuandika.

Februari

Mwezi wa Fruit Logistica, yale maonyesho makubwa ya matunda Berlin ya kila Februari. Sisi nauli ya Berlin tutaitoa wapi, ila wanaoenda wanatangaza wenyewe LinkedIn, ukumbi namba fulani, banda namba fulani, na chini ya zile posti ndio wanunuzi wanasalimiana. Nimekaa nasoma komenti tu. Ushauri wangu: wiki ya maonyesho usimtumie mtu ujumbe wa biashara, inboksi yake imefurika na miguu inamuuma. Subiri arudi ofisini, afu umuulize kuhusu kitu alichokisema yeye.

Kitu nilichokijua kwa kusoma hizo komenti, na kimenisaidia kuliko kozi yoyote, ni kalenda. Peru wakianza kumwaga mzigo kuanzia kama Aprili bei Ulaya inashuka. Kenya mamlaka yao hufunga uvunaji wa Hass wa kusafirisha kwa meli kuelekea mwisho wa mwaka mpaka matunda yakomae. Kwahiyo kuna kadirisha kwa wa huku nyanda za juu ambao tunda letu linawahi, na waagizaji wanakatafuta haka kadirisha kila mwaka, sisi tulikuwa tunakagawa bure kwa dalali. China nao toka 2022 tulisaini nao makubaliano ya parachichi, na India wanapokea, lakini kila soko lina masharti yake ya shamba na ghala kusajiliwa, kwa mwaka huu nimeshauri tusitawanyike.

Yule kijana wa makontena wa Dar tumeongea kwa simu. Kanieleza mambo ya joto, kontena la Hass linawekwa nyuzi 5 au 6 hivi, na ukipakia tunda la moto moja kwa moja kutoka shambani ile friji haiponyi, friji ya kontena inatunza baridi haitengenezi, kwahiyo lazma tunda lipozwe kwanza. Sisi chumba cha baridi hatuna. Akasema, "bro, msihangaike na kontena lenu wenyewe mwaka huu, tafuteni mwenye pakihausi (ghala la kuchambua na kupakia matunda) anayejaza, mkaingie na pallet zenu." Kanipa jina la mtu Njombe. Huyo wa Njombe kumbe nae alikuwa mmoja wa waliobishana kuhusu oveni mwezi wa kumi na moja.

Machi

Tumepata kitu. Dada wa Rotterdam alipeleka ule ujumbe wangu kwa muagizaji mdogo wa pale, familia, wananunua kwa wakulima wadogo. Tukaongea kwa video, nikiwa kwenye gari limepaki Kyimo mana ndio palikuwa na mtandao, mwenyekiti kakaa siti ya mbele kajifunga kitenge kipya. Mzungu alikuwa na grafu yetu ya draimata kwenye skrini yake, kaichapa. Hakuniuliza kuhusu "ubora", aliuliza kwanini shamba moja lilirudi nyuma kati ya wiki mbili. Nikamwambia hiyo ni sampuli iliyochanganywa na miti michanga. Akaandika.

Anachotaka ni pallet za majaribio kupitia pakihausi ya Njombe ambayo ina cheti na inapeleka mzigo wake mwenyewe, sisi mashamba yetu yaingizwe kwenye orodha yao baada ya kukaguliwa. Malipo ndio pagumu. Kapendekeza mali kauli, matunda yaende, yauzwe, watoe gharama zao na kamisheni, kinachobaki ndio chetu. Biashara nyingi za matunda Ulaya zinaenda hivyo, sio kwamba anatuonea, lakini bei ikianguka au tunda likifika limeharibika hasara inarudi Kiwira. Nimewauliza wale wale wa katikati, majibu yanaelekea sehemu moja: omba bei ya chini iliyohakikishwa kwa katoni, hata ikiwa ndogo, pamoja na ripoti ya ukaguzi yenye picha ndani ya muda maalumu baada ya kontena kufunguliwa, na malipo kidogo ya mwanzo mzigo ukipanda meli. Nimemwandikia yote matatu. Picha na bei ya chini kakubali, malipo ya mwanzo anasema tuongee.

Mazungumzo ya haraka yamehamia WhatsApp kama kawaida yetu, ila makubaliano yote narudia kuyaandika kwa barua pepe, bei, saizi, tarehe.

Kilichobaki: mkaguzi wa pakihausi anakuja mashambani wiki ijayo kwahiyo madawa yote yaandikwe kwenye daftari la shamba, chupa tupu zikusanywe sehemu moja, choo cha wavunaji kiwe na maji na sabuni. Cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, anashughulikia mwenye pakihausi kwa mzigo wote. Kura ya mali kauli tunapiga Jumamosi kwa mwenyekiti, saa 8 mchana baada ya mnada, mimi msimamo wangu nautaja mapema, bila bei ya chini kwenye maandishi tunda halitoki. Kila mmoja aje na karatasi ya mauzo yake ya dalali ya mwaka jana, tuweke bei kwa bei mezani. Na anayetaka kujifunza LinkedIn aje na simu iliyochajiwa, mana mwenyekiti anataka nae afunguliwe akaunti.